Bwana Michezo Asiyekimbia

Mtu aliyetufundisha mpira wa magongo hatukupata kumwona akikimbia hata siku moja. Alitembea. Mvua ikinyesha alitembea, ng'ombe wakivamia kiwanja alitembea, na siku ile nyuki walipohama kutoka mnazi wa nyuma ya darasa, sisi sote tukitimua mbio na Mwalimu Mkuu akituongoza, yeye alifungua mwavuli wake, akaushusha hadi mabegani, akaenda zake taratibu kama mtu anayetoka sokoni. Hakuumwa hata na nyuki mmoja. Sisi tulivimba nyuso, na Mwalimu Mkuu alivimba zaidi.

Tulimwita Bwana Michezo, kama wengine walivyoitwa Bwana Shamba au Bwana Afya, na jina hilo lilimganda mpaka mkewe naye akawa analitumia. Alikuwa mtu wa Mtang'ata. Zaidi ya hapo mambo ya kwao siyaelezi, kwa sababu mwenyewe hakupenda kuyaeleza. Ukimuuliza amezaliwa lini alikujibu kwamba amezaliwa kabla yako, kisha anakuuliza kama umeshamaliza hesabu zako.

Hesabu ndizo alizotusomesha, na katika hesabu zake hawakukosekana wachezaji. Alituuliza: timu ina watu kumi na mmoja, maandazi ni kumi, nani asile? Tulihangaika na mafungu na sehemu, tukafuta na kuandika upya, hadi akatuambia jibu ni golikipa, kwa kuwa hakimbii. Golikipa nilikuwa mimi. Nikanyoosha kidole, nikamkumbusha kwa adabu kwamba na yeye pia hakimbii. Saa ya mapumziko aliniita kwenye baraza ya ofisi, akanikatia nusu ya andazi lake, akasema sisi wawili itabidi tusaidiane.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, katika shule ya kati nje kidogo ya Chumbageni. Tulikuwa mchanganyiko wa kila aina: sisi watoto wa Ngamiani wenye maneno mengi, Wabondei wa Muheza, Wadigo, Wasambaa wa milimani, na watoto wa manamba wa mashamba ya mkonge ambao baba zao walitoka bara na kwenda misa kila Jumapili. Kandanda kila mmoja wetu aliijua tangu utotoni. Magongo tuliyaona ni mchezo wa Wahindi, Magoa na Wazungu wa Raskazone, na hatukuelewa mtu mzima wa Mtang'ata, mwenye soksi nyeupe hadi magotini na kaptura iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, ameupendea nini. Yeye alisema kandanda inamfundisha mtu kupiga mateke, na hilo punda analijua bila shule.

Magongo halisi tulikuwa nayo machache, makuukuu, tuliyopewa na shule ya Wahindi ya mjini walipopata mapya. Yaliyobaki tuliyakata wenyewe mikokoni, tukichagua tawi lenye kiwiko, tukalichonga na kulilowesha mafuta ya nazi mpaka likawa zito la kuvunja mkono. Kinga zangu za miguuni zilishonwa na mkewe Bwana Michezo kwa magunia, ndani zikajazwa katani. Mpira ulipogonga haukuniumiza hata kidogo, ila katani inawasha, nami nilijikuna golini, nikajikuna darasani, nikajikuna hata katika safu ya sala ya Ijumaa. Marehemu mama yangu aliamini nimepata upele wa shule.

Na kiwanja chenyewe tulikitengeneza kwa mikono. Palikuwa pori la nyuma ya shule lililojaa mawe ya matumbawe, na mpira wa magongo ukigonga jiwe hakuna ajuaye utamvunja nani jino. Mihula miwili mizima tuling'oa mawe, Bwana Michezo akitembea kati yetu na mwavuli, akionyesha kwa ncha yake, "Hili. Na hili. Na hili nalo lina ndugu yake chini." Tulipomaliza tulikipenda kile kiwanja kuliko nyumba zetu. Ukikuta mtoto anapita katikati na mbuzi, ulimkaripia kama amepita sebuleni kwenu.

Sasa, refa asiyekimbia ana taabu moja: mambo mengi hayaoni. Katika magongo mpira ukikugusa mguu ni kosa, na mguu unagusa mpira upesi kuliko jicho linavyogeuka. Mtu mwingine angejifunza kukimbia. Bwana Michezo alitafuta dawa nyingine. Alisema yeye ana macho mawili, na yenyewe yamechoka na vitabu vyetu; sisi wachezaji tuna macho tele, tena yako karibu na miguu. Kwa hiyo katika kiwanja chetu aliyeguswa na mpira mguuni ainue mkono mwenyewe na kusema, "Mguu wangu." Mpira wapewe wenzake wa upande wa pili, mchezo uendelee, na asitokee mtu wa kumcheka. Asipoinua mkono na wenzake wamemwona, wenzake haohao waweke magongo yao chini, wasicheze hadi aseme.

Hapo mwanzo tuliona ni uvivu wake tu, na nadhani hatukukosea sana. Lakini mazoea yana nguvu. Baada ya muda mkono ulikuwa unainuka wenyewe, hata kabla hujafikiri. Wapo walioinua hata walipokanyaga mpira wa matambara mtaani.

Tulikwenda kucheza na vijana wa karakana ya reli, na winga wetu wa kushoto, mtoto wa Ngamiani mwenzangu, akaguswa mguu peupe akaendelea kuchanja mbuga. Tukaweka magongo chini, wote, mmoja baada ya mwingine. Vijana wa reli wakapigwa na butwaa. Nahodha wao akatuuliza kama tumegoma, na kama tumegoma tunadai nini. Winga aliposhindwa kuendelea peke yake aligeuka, akatuona tumesimama mikono mitupu, akaanza kesi: kwamba mpira umegonga kiatu, si mguu. Hakuwa na kiatu. Alijitazama chini kwa muda, akainua mkono, na vijana wa reli wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Tulifungwa vibaya siku hiyo, na tulirudi tukiimba.

Kushinda na kushindwa mkewe Bwana Michezo alivipanga kwa namna yake. Siku za mechi alikuja na birika la chai na kapu la maandazi, akasimama ukingoni bila kuutazama mchezo, kwa sababu aliuona ni wa hatari na hakutaka kuwa shahidi. Filimbi ya mwisho ikilia aliuliza swali moja tu: nani ameshindwa? Hao aliwamiminia kwanza, wawe wetu au wageni. Aliyeshinda, alisema, keshashiba.

Bwana Michezo naye alikuwa na sheria ya mfungaji. Ukifunga goli hukuruhusiwa kushangilia kabla hujarudi kumpa mkono aliyekupa mpira, ukamwambia ahsante. Hizza alipokuja shuleni sheria hiyo ilimpata pabaya. Alikuwa Msambaa, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, mkimya, mwenye mikono ya ajabu. Mpira ukishafika kwenye gongo lake ulikuwa wake mpaka golini. Mechi yake ya kwanza aliwapita watu wote, wao na sisi, akafunga. Bwana Michezo akasimamisha mchezo akamuuliza nani amempa mpira. Hizza akasema hakupewa, ameuchukua mwenyewe. "Basi jipe mkono," akaambiwa. Na Hizza wa watu, mbele ya shule nzima, akashikanisha mkono wake wa kulia na wa kushoto, akasema ahsante. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetoa mpira kama yeye, na akawa nahodha.

Usije ukadhani nakuelezea malaika. Jioni Bwana Michezo alicheza bao barazani Ngamiani, karibu na kwetu, na katika bao alikuwa mwizi aliyekubuhu. Mkono wa kanzu yake ulipopita juu ya mashimo kete zilihama. Mjomba wangu, ambaye alikuwa hasimu wake wa kila siku, alimtaka akunje mikono ya kanzu kabla ya kuanza, naye alikunja mmoja. Akishikwa hakutahayari, alirudisha kete akamlaumu upepo. Akishindwa alinuna, akaenda nyumbani bila kuaga, na kesho yake aliwahi kuliko wote. Pia alikuwa mbishi wa bei ya samaki hadi wachuuzi wakimwona walibadili njia, kisha samaki huyohuyo alimpa jirani. Na alikuwa na kinyongo na methali. Tukimwambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, alituuliza nani kati yetu ana chawa.

Mimi nilimwuliza mara moja, kwa ule ujasiri wangu wa nusu andazi, inakuwaje anatukazania mguu wangu, mguu wangu, na yeye barazani anahamisha kete. Hakukasirika. Alisema, "Bao tunacheza watu wazima, tuliokwisha haribika. Ninyi bado." Nikaona amejitoa kwa ujanja, nikacheka.

Mwaka wetu wa mwisho Mwalimu Mkuu alikitamani kiwanja. Alikuwa mtu wa kilimo, na sina la kumlaumu, maana shule ilitakiwa ijilishe, na udongo tuliouondolea mawe ulikuwa mzuri kwa mihogo. Alisema wavulana wanaweza kucheza popote. Bwana Michezo alikwenda ofisini kwake akakaa huko adhuhuri nzima, akatoka na ahadi: shule ya Wahindi inashikilia kikombe cha magongo cha mashule, tukikileta nyumbani mwaka huu kiwanja kinabaki kiwanja. Tusipokileta ni mihogo. Alitusimulia hayo amesimama katikati ya uwanja, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameusahau mwavuli ndani. Alisema hatatudanganya, kiwanja kile ndicho kitu pekee alichokijenga maishani kikakaa.

Tulifanya mazoezi kama wendawazimu. Tukazitoa timu zote, na siku ya fainali tukakutana na Wahindi wenyewe katika uwanja wa kilabu kimoja upande wa Raskazone, majani yamekatwa kama zulia. Desturi ilikuwa kila shule itoe refa mmoja, kila refa na nusu yake ya uwanja. Mwalimu wao alisimama upande mmoja, Bwana Michezo upande wa pili. Ikatokea kwamba kipindi cha mwisho tulishambulia kuelekea kwake.

Tulikuwa goli moja kwa moja. Sare ingewaachia wao kikombe, kwa kuwa ndio waliokuwa nacho, kwa hiyo sisi tulihitaji goli na wao walihitaji muda. Jua lilikuwa limeshalegea. Mimi nilikuwa golini kwangu, uwanja mzima mbele yangu, sina kazi, najikuna. Nikaona mpira umepita kulia, ukarudishwa katikati, ukamkuta Hizza ndani ya nusu duara ya mbele ya goli lao, katika msongamano wa watu. Gongo likapanda, likashuka, ubao wa goli ukalia. Nikatupa gongo langu juu. Wenzangu wakaanza kurukaruka, na kule ukingoni Mwalimu Mkuu mwenyewe, mtu wa mihogo, alikuwa anapiga makofi.

Hizza hakuruka. Alikuwa amesimama palepale na mkono juu. Nilikuwa mbali mno kumsikia, lakini midomo niliiona, na maneno nilikuwa nayajua. Baada ya hapo ndipo filimbi ya Bwana Michezo ilipolia.

Goli likafutwa. Nahodha wa Wahindi alimwendea Hizza akampa mkono, na watazamaji wao wakampigia makofi, na dakika zilizobaki zikapita bila sisi kupata nafasi nyingine. Mkewe Bwana Michezo akauliza nani ameshindwa. Ilikuwa sare, tukamwambia, na hakuna aliyeshindwa. Alitutazama nyuso, akatumiminia sisi.

Wiki iliyofuata tulilima. Nitasema kweli, wako waliomnunia Hizza, na mmoja alimwambia usoni kwamba amekula kiwanja chetu. Wengi tulisema alifanya alichofundishwa, na kama refa alikuwa hakuona kwa ule msongamano, mchezaji angefanyaje? Bwana Michezo alimpa Hizza mkono mbele ya shule nzima, akasema maneno ya sifa, yote akiyaelekeza kwenye soksi zake. Kisha akachukua jembe, akaupiga mstari wa kwanza yeye mwenyewe, kutoka goli hadi goli. Mihogo ilistawi. Ile ya golini kwangu ilikuwa mitamu kuliko yote, nami nilijidai nayo sana. Mwalimu wetu alikuwa ameshaomba uhamisho wakati ilipokomaa, akaenda Pangani.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa karani wa reli, Hizza akawa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya shamba la mkonge, mtu mzima mwenye masharubu, bado mkimya. Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini tukasikia kwamba Bwana Michezo anaumwaumwa, tukapanda basi siku ya mapumziko tukaenda kumjulia hali.

Tulimkuta barazani, amekonda, miguu imefunikwa kwa shuka. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatutukana kidogo kwa kuchelewa miaka yote hiyo. Mkewe akaleta chai, sukari, vikombe na vitumbua, akatuuliza habari za mama zetu, akarudi jikoni. Bwana Michezo alitusimulia kwamba anafundisha watoto wa huko magongo ufukweni, maji yakipwa, na mchezo unaisha bahari inaporudi, hivyo hahitaji hata saa. Tulicheka. Nikadhani tutaendelea hivyo hadi basi la jioni.

Akamgeukia Hizza, na sauti ikabadilika. Akasema kuna jambo amelibeba muda mrefu na hataki kufa nalo. "Siku ile," akasema, "mguu wako niliuona. Mlikuwa wengi mbele yangu, lakini niliuona, kama ninavyokuona sasa. Filimbi ilikuwa mdomoni. Sikupuliza. Nilikitazama kiwanja chetu moyoni mwangu nikasema, na lipite. Halafu wewe ukainua mkono."

Nilitaka kusema neno, nikasema la kijinga, kwamba lakini Mwalimu, si ulipuliza.

"Nilipuliza baada yake," akasema. "Wewe unakumbuka filimbi. Mimi nakumbuka nilikuwa wa pili. Nisamehe, Hizza. Walikununia wenzako, nami ndiye niliyestahili."

Sikuwahi kumpenda yule mzee kama nilivyompenda wakati ule, na sikujua nitazame wapi. Hizza alikuwa anazungusha kikombe chake juu ya kisahani.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Nilikuona unaniona. Filimbi mdomoni, na mashavu hayajajaa. Nikasema moyoni, nikichelewa kidogo tu Mwalimu wetu atapotea, na kesho atatufundisha nini? Ndiyo maana niliinua upesi." Akanywa funda moja. "Kiwanja tungepata kingine."

Bwana Michezo alifunua shuka, akajiinua kwa kushika nguzo, akasema anakwenda ndani kutuletea sukari. Bakuli la sukari lilikuwa mezani mbele yetu, limejaa. Hizza akanikanyaga mguu nisiseme kitu, tukakaa tukamngoja.